MJUE MUSI, JITU LA MISITU YA BARIDI

Kutembea kwingi ni kuona mengi, na asiye na nauli hutembea kwa kusoma. Basi leo tuvuke bahari hadi misitu ya Kanada, Alaska, Uswidi, Norwe, Ufini na Urusi, tukamtazame mnyama aitwaye musi.

Umbo lake

Musi ndiye mkubwa kuliko wote katika jamii ya ayala. Dume la Alaska huweza kupita kilo 600, na kimo chake begani hukaribia mita 2. Ana miguu mirefu kama ngazi, pua nene iliyoinama, na chini ya kidevu ananing'inia ngozi mfano wa kengele. Ukimwona utadhani kaundwa kwa masalio ya wanyama wengine. Lakini usicheke! Miguu hiyo ndiyo humpitisha katika theluji ambayo ingewakwamisha wanyama wafupi.

Dume peke yake ndiye huota pembe, nazo ni pana kama viganja vilivyokunjuliwa. Pofu wetu akishaota pembe, ni zake maisha. Musi sivyo. Pembe zake huanza kumea baridi inapokwisha, hukomaa kufikia Septemba, wakati madume yanapogombania majike, kisha huanguka zenyewe katika majira ya baridi. Mwaka unaofuata anaanza upya!

Chakula na uzazi

Wakati wa joto musi hula majani na huingia ziwani kutafuta mimea ya majini, ambayo humpa chumvi. Huogelea vizuri, na hata huzamisha kichwa chote akila. Baridi ikija majani hupukutika, naye hubaki na vijiti na magamba ya miti tu. Ndiyo maana hukonda sana kabla ya baridi kwisha.

Jike hubeba mimba kwa muda wa miezi 8 hivi na huzaa ndama mmoja au wawili, Mei au Juni. Ndama hukaa na mamake kama mwaka mmoja.

Kikulacho ki nguoni mwako

Ukiuliza adui wa musi ni nani, wengi watajibu: dubu na mbwa mwitu. Ni kweli. Hata hivyo, musi mzima mwenye afya huwapiga mateke hadi wakakoma. Katika Amerika ya Kaskazini yuko adui mwingine asiyepigika kwa teke, naye ni kupe.

Sisi tuliolelewa na ng'ombe twamjua kupe, lakini huyu wa huko ana tabia yake. Wakati majani yanapoanza kupukutika, vitoto vya kupe hupanda kwenye vichaka na kushikana makundi makundi. Musi akipita, vyamrukia? La, vyamng'ang'ania tu. Hukaa juu yake baridi nzima wakifyonza damu. Musi mmoja huweza kubeba makumi ya maelfu! Hujikuna mitini hadi manyoya yakakatika, akabaki mweupe mweupe kama mzuka.

Zamani theluji ndiyo ilikuwa josho lake. Ikianguka mapema, iliwaua kupe waliokuwa bado vichakani. Na kupe majike walioshiba wakidondoka juu ya theluji mwezi wa Aprili, wengi walikufa kabla ya kutaga. Siku hizi dunia inazidi kupata joto, theluji huchelewa kuja na huwahi kuondoka, na kupe wamepata nafasi. Katika majimbo ya Maine na New Hampshire, Marekani, wataalamu waliwafuatilia ndama kwa kuwavisha mikanda ya redio kati ya 2014 na 2016. Asilimia 70 hivi walikufa, wengi kwa kuishiwa damu.

Basi yale majira ya baridi tunayodhani ni mateso kwa musi, kumbe ndiyo mlinzi wake.

Hoja ya mdahalo

Mwaka 2021 jimbo la Maine lilianza jaribio: kuongeza vibali vya kuwinda musi katika eneo moja. Wazo ni kwamba musi wakipungua, kupe watakosa pa kukaa, na musi watakaobaki watakuwa na afya. Je, ni haki kuua baadhi ili wengine wapone? Tukutane chamani tujadiliane.

Msamiati

Pukutika: anguka kwa majani kutoka mtini.
Josho: mahali pa kuogeshea mifugo dawa ya kuua kupe.
Mzuka: kitu cha kutisha kitokeacho ghafla; pepo.

Maswali

1. Taja tofauti moja kati ya pembe za musi na za pofu.
2. Kwa nini musi huingia ziwani kula?
3. Eleza jinsi theluji inavyofanya kazi ya josho.
4. Methali "Kikulacho ki nguoni mwako" inamfaa musi vipi? Tunga kisa kingine kinacholingana nayo.