Nani ni Mtanganyika? Swali la Bunge la 1961



Leo twende Dar es Salaam, Oktoba 1961. Imebaki kama miezi miwili tupate uhuru, na serikali ya Nyerere imepeleka Bungeni muswada wa uraia. Bendera mpya ikipanda tarehe 9 Desemba, nani atakuwa raia?

Baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Tusiharakishe kuwacheka. Walikulia chini ya ukoloni uliopanga mshahara, shule, hata kitanda cha hospitali kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Umedharauliwa nchini mwako miaka yote hiyo, halafu unaambiwa aliyekuwa juu yako sasa ni raia mwenzako. Jamani, inauma.

Nyerere alikataa. Alisema msingi wa uraia ni uaminifu kwa nchi, siyo rangi, akawafananisha wanaoabudu rangi na Hitler, na akaweka wazi kwamba serikali yake iko tayari kujiuzulu kwa ajili ya jambo hilo. Muswada ukapita. Kwa kifupi, aliyezaliwa Tanganyika, na angalau mzazi wake mmoja naye kazaliwa hapa, akawa raia moja kwa moja. Wengine waliokidhi masharti waliweza kuomba kuandikishwa.

Hapa falsafa inanisaidia (mnivumilie kidogo). Aristotle, kwenye kitabu chake cha Siasa, anagusa maelezo yaliyozoeleka kwamba raia ni mtoto wa raia. Anauliza: je, wale wa kwanza kabisa walioanzisha mji, wao walizaliwa na raia gani? Kwake raia ni yule anayeshiriki kuamua na kuongoza mambo ya mji. Sasa itazame Tanganyika. Babu zetu walikuwa Wasukuma, Wahehe, Wamakonde, na mipaka ilichorwa na wakoloni. Usiku ule wa Desemba hapakuwa na hata mmoja aliyerithi uraia wa Tanganyika huru kwa baba yake. Wote waliupokea pamoja, saa ileile.

Soma pia Mdo 22:25-29. Jemadari anakiri kwamba uraia wa Roma aliununua kwa fedha nyingi. Paulo anajibu kwamba yeye kazaliwa nao. Njia mbili, ila mbele ya sheria wote Warumi, na Paulo haoni aibu kuidai haki yake. Katekisimu namba 2240 inaongeza upande wa wajibu: kulipa kodi, kupiga kura, kuilinda nchi. Humo hamna swali la kabila.

Msidhani mambo haya yaliisha 1961. Wakimbizi wa Burundi waliokuja 1972 wakaishi Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Mwaka 2014 zaidi ya 160,000 kati yao na watoto wao walipewa uraia wa Tanzania. Wengi ni Wakatoliki wenzetu. Tunapochagua viongozi wa vijana, ukisikia mtu ananong'ona "yule siyo wa hapa", unamjibu nini?

Mjadili kwenye jumuiya zenu wiki hii. Atakayesema "inategemea", aeleze inategemea nini.