SOMO LA AFYA: DAWA YA MARADHI YA AKILI ISIKATIZWE GHAFLA

Wananchi wanakumbushwa kuwa mgonjwa aliyeandikiwa haloperidoli au klopromazini asiache dawa kwa sababu tu amepata nafuu. Nafuu hiyo aghalabu ni kazi ya dawa yenyewe. Ikikatizwa ghafla, maradhi yaweza kurejea kwa nguvu. Anayekusudia kufunga Ramadhani amwone daktari kabla ya mwezi kuandama, ili nyakati za kumeza zipangwe baina ya futari na daku. Dozi iliyosahauliwa isifidiwe kwa kumeza mbili pamoja. Shingo ikikakamaa, ulimi ukijipinda, au mwili ukikaza pamoja na homa kali, mgonjwa apelekwe hospitali mara moja. Jamaa wanaomuuguza wanaombwa wamkumbushe kwa upole.