SOMO LA MWEZI: ANAYESHIKA MFEREJI



Mwezi huu tujifunze jambo la nchi na nchi, ambalo linafanana sana na mambo ya vijijini kwetu. Nchi ikitegemea jirani kwa mafuta au stima, je, inaweza kumkatalia jirani huyo?

Tuangalie mfano. Uganda haina bahari. Mafuta yake mengi huteremshwa Mombasa, kisha yanapita Kenya. Februari 1976 Idi Amin alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ni ya Uganda. Wafanyakazi wa bandari Mombasa wakakataa kushika mizigo ya Uganda. Katikati ya mwaka Kenya ikadai kulipwa taslimu, na mafuta yakapungua Uganda. Agosti nchi hizo zikapatana. Amin alikuwa na jeshi, lakini gari la jeshi haliendi bila mafuta.

Kenya nayo ilitegemea. Tangu miaka ya 1950 ilinunua stima ya bwawa la Owen Falls, Jinja, ambalo leo laitwa Nalubaale. Stima hiyo ilikuja kwa waya kutoka Tororo mpaka Nairobi. Basi kila mmoja alishika mfereji wa mwenzake.

Tena mfereji unaweza kufungwa bila serikali kuamua. Januari 2008, wakati wa ghasia za uchaguzi, reli ya kwenda Uganda iling'olewa Kibera, hapa jirani na sisi wa Woodley. Malori nayo yakakwama barabarani. Kule Kampala petroli ikaadimika, bei ikaruka. Mama mboga wa Kampala hakupiga kura Kenya, lakini alilipia.

Mwaka 2024 Uganda ilianza kujiagizia mafuta kupitia shirika lake, UNOC, badala ya kununua kwa kampuni za Kenya. Hata hivyo yanapita Mombasa bado: imebadilisha muuzaji, haijabadilisha njia. Kenya nayo, tangu 2022, inanunua stima Ethiopia pia.

Tunaona nini? Kutegemeana si kubaya. Kubaya ni kutegemea mlango mmoja, bila akiba na bila mapatano ya maandishi. Kikundi kinachokopa mbolea kwa mwenye duka mmoja, yeye huyo akija kununua mahindi, kitathubutu kukataa bei yake?

Maswali ya kujadili:
1. Kikundi chetu kinategemea nani kwa mbolea, mafuta au usafiri?
2. Yeye anatutegemea kwa nini?
3. Akifunga leo, tutakaa siku ngapi?
4. Mlango wa pili uko wapi, na nani atakwenda kuubisha kabla ya mkutano ujao?