Huduma ya Dharura Bukavu: Mafunzo Yatangulie Magari

Mtu aliyekatika mshipa mkubwa wa damu anaweza kufa ndani ya dakika chache. Ambulansi, hata ikiwa nzima na ina mafuta, haiwezi kutoka hospitali ya Panzi na kufika kwa muda huo kwenye vichochoro vya Kadutu, ambako nyumba zimebanana mlimani na njia nyingi hupitika kwa miguu tu. Anayemfikia majeruhi kwanza ni motari (dereva wa pikipiki ya abiria), jirani, mwalimu au kijana wa Msalaba Mwekundu. Ndiyo maana tunasema mafunzo yaanze na hao. Ushahidi upo. Kaskazini mwa Iraki na huko Kambodia, maeneo yaliyojaa mabomu ya ardhini, wahudumu wa afya wa vijijini na maelfu ya wanakijiji walifundishwa kuanzia 1997. Kufikia 2001 vifo vya majeruhi vilikuwa vimeshuka kutoka takriban 40 kwa kila 100 hadi 15. Karibu nasi, Kampala, polisi, madereva wa teksi na viongozi wa mitaa, jumla yao 307, walipewa mafunzo ya siku moja, na miezi sita baadaye wengi walikuwa wameshayatumia.

Wapo wanaopinga wakisema kwamba mikono isiyo na ujuzi huumiza. Ni kweli, na mikono hiyo inafanya kazi leo hii: aliyevunjika shingo hubanwa kati ya watu wawili juu ya pikipiki. Kumnyima motari mafunzo hakumzuii kubeba. Tena somo la kwanza si bendeji, ni usalama wa mahali. Huko Sange, mkoani kwetu Kivu Kusini, tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika, wengine wakichota, moto ukalipuka na kuua zaidi ya 200. Aliyefundishwa angejua kuwasogeza watu mbali kwanza.

Wengine wanahofia kwamba mwenye cheti cha siku moja atajiita munganga (daktari). Basi mipaka itajwe wazi: azuie damu, afungue njia ya hewa, ambebe majeruhi vizuri. Oksijeni, seramu na kuzalisha njiani ni kazi ya aliyesoma miezi au miaka, akifanya mazoezi hospitalini, na walioonyesha uwezo katika ngazi ya chini wapewe nafasi ya kuendelea hadi huko. Lakini hata akifundishwa, motari anayeogopa kudhaniwa ndiye aliyegonga, au kudaiwa pesa za matibabu mlangoni, ataendelea kupita bila kusimama. Polisi na hospitali wakubaliane kwa maandishi, kabla ya darasa la kwanza, kwamba aliyemleta majeruhi ataandikwa jina na kuachwa aende zake.