Mtani Ndani ya Nyumba

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mtu wa Tanga, ninaishi Chicago mwaka wa kumi sasa, upande wa kusini wa jiji. Kazi yangu ni kusambaza vifurushi kwa gari, na redio ndiyo utingo wangu. Redio hiyo ndiyo iliyoniingiza kwenye besiboli, na timu niliyoipenda ni White Sox, timu ya upande wetu huu.

Shangazi, timu hii inafungwa. Mwaka jana, 2024, ilifungwa mechi 121, na tangu mwaka 1900 hakuna timu iliyowahi kufungwa nyingi hivyo katika msimu mmoja. Mara yangu ya kwanza kwenda uwanjani ilikuwa Septemba hiyo, jamaa wa kazini aliponipa tiketi ya bure. Tayari walikuwa na vipigo 120, na watu walijaa wakisubiri kushuhudia rekodi. Timu ikagoma, ikashinda. Nililia kama mtoto. Tangu siku hiyo mimi ni wao.

Mwaka huu wa 2025 tumefika katikati ya msimu tunaburuza mkia tena. Tumeshinda 32, tumefungwa 65. Nikirudi nyumbani sina hamu ya chakula wala ya mazungumzo. Mama watoto anasema nimemletea mke mwenza. Hilo ningelivumilia. Lililonivunja ni kijana wangu wa miaka 12. Juma lililopita alikaa mezani na kofia ya Cubs, watani wetu wa kaskazini ya jiji, ambao mwezi wa tano walitufunga mechi zote tatu. Kofia amepewa na rafiki yake wa shule. Anasema amechoka kuchekwa. Nilimvua, nikaifungia kabatini, nikamwambia nyumba hii haina wafuata upepo. Leo siku ya sita hanisemeshi.

Marehemu baba alikuwa Coastal Union wa damu, timu ya kwetu Tanga. Alinibeba mabegani hadi uwanja wa Mkwakwani, tukishinda, tukifungwa, na hakuhama. Mimi pia sikuhama. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Je, nimekosea? Na nifanyeje na mechi 65 zilizobaki, ikiwa kila moja inanitoa roho?

Mgosi wa Chicago

*

Marahaba, mwanangu.

Kabla hujaendelea kusoma, nenda kafungue kabati. Toa hiyo kofia, mrudishie mwenyewe mkononi, tena wewe, usimtume mama yake. Mwambie, "Baba alikosea." Maneno mawili tu, usiongeze "lakini". Ukishamaliza, rudi tuzungumze.

Umerudi? Vizuri. Jibu la swali lako la kwanza umeliandika mwenyewe katika barua yako. Umesema baba yako alikubeba mabegani hadi Mkwakwani. Hukusema kwamba alikufungia kofia kabatini. Hukuirithi Coastal kwa amri. Uliirithi kwa sababu kutoka mabegani mwa yule mzee uwanja ulionekana wote, na ukaipenda timu kwa kumpenda aliyekubeba. Samaki hukunjwa angali mbichi, ni kweli, ila anayemkunja kwa hasira huishia na miiba mkononi.

Na usimwite mwanao mfuata upepo. Cubs mwaka huu wa 2025 wanaongoza kundi lao, sikatai, lakini hao ni watu waliokaa miaka 108 bila ubingwa, kuanzia 1908 hadi 2016. Wapo waliozaliwa, wakaoa, wakazeeka na kuzikwa na kofia ile bila kuliona kombe. Nyinyi wenyewe mlikaa miaka 88, toka 1917 hadi 2005. Katika mji huo hakuna upande unaoweza kuufundisha upande mwingine subira.

Tena tazama nyumba moja ya huko huko kwenu. Papa Leo wa Kumi na Nne, aliyechaguliwa Mei 8, 2025, amekulia kitongoji cha kusini ya Chicago, naye ni White Sox. Kamera zilimnasa jukwaani kwenye mechi ya kwanza ya fainali za 2005. Kaka yake alipoulizwa alieleza kwamba mama yao alikuwa Cubs, na baba yao St. Louis Cardinals. Nyumba moja, timu tatu, na watoto wakalelewa wakakua. Mmoja wao leo anavaa kofia nyeupe ambayo hakuna mzazi angeweza kuifungia kabatini.

Sasa tuje kwenye roho yako inayotoka.

Miaka kadhaa iliyopita nilikaa Marekani kiangazi kizima kwa binti yangu, nikilea mjukuu. Mkwe wangu ni mgonjwa wa besiboli. Jioni ya kwanza timu yake ilifungwa vibaya, nami kwa malezi yangu nikampa pole kama ya mfiwa. Akanitazama kwa mshangao. "Mama, mbona kesho wanacheza tena?" Kweli, kesho yake wakacheza. Na kesho kutwa. Mwezi wa kwanza nilidhani kuna mashindano maalumu ambayo hayaishi. Mwezi wa pili nikaelewa kwamba mchezo ule haujatengenezwa kusubiriwa. Umetengenezwa kuwepo tu, kama chai ya jioni.

Hapo ndipo ulipopotelea, mwanangu. Coastal wanacheza ligi ya mechi 30 kwa msimu mzima. Wakifungwa Jumamosi, una haki ya kununa hadi mechi ijayo, maana nafasi ya kujirekebisha iko mbali na kila pointi ina uzito wake. Besiboli ina mechi 162 katika miezi sita. Los Angeles Dodgers, waliochukua ubingwa wa 2024, walifungwa mechi 64 kabla hata mtoano haujaanza. Hiyo ilikuwa timu bora kuliko zote. Na hao wako, timu iliyofungwa mechi nyingi kuliko zote katika zaidi ya miaka mia moja, walishinda mechi 41. Mabingwa hufungwa sana, na wabovu hushinda mara nyingi kuliko Coastal wanavyocheza msimu mzima.

Wewe unauangalia mchezo wa kila siku kwa moyo wa Mkwakwani. Kila kipigo unakiwekea matanga. Matanga kwa desturi ni siku tatu, na timu yako inacheza karibu kila siku, utayaanua lini? Kabla hujamaliza msiba wa Jumatatu, wa Jumanne umepigiwa simu. Mkeo hana ugomvi na White Sox. Amechoka kuishi katika nyumba yenye msiba usioisha, ambao yeye hamjui hata marehemu.

Kwa hiyo jiwekee mpaka. Mechi ikiisha, kipe kipigo muda wa safari, kutoka mzigo wa mwisho hadi mlangoni kwako. Humo ndani ya gari laani, piga usukani, msute kocha. Ukizima injini, umeanua matanga. Ukiingia ndani, ingia na salamu.

Umeniuliza ufanye nini na mechi 65 zilizobaki. Nitakuwa mkweli: sikuahidi neema. Mwaka jana, ligi ilipopumzika kama ilivyopumzika wiki hii, White Sox walikuwa wameshinda 27 na kufungwa 71, na watu wakadhani pumziko litawafaa. Wakarudi wakaendelea kufungwa mpaka vikatimia vipigo 21 mfululizo, kuanzia Julai 10 hadi Agosti 5. Siku tatu baadaye kocha akafukuzwa. Mwaka huu mna mechi chache za afadhali, na kule Denver wapo Colorado Rockies wenye ushindi 22 tu, ingawa kujifariji kwa msiba wa jirani si tabia njema.

Jua pia kwamba kule hakuna kushuka daraja. Kwetu timu inayoburuza mkia hupigania roho yake hadi siku ya mwisho. Kule inayoburuza mkia hufanya biashara. Mwaka huu dirisha la uhamisho linafungwa Julai 31, na kabla ya hapo timu dhaifu huwatoa wachezaji walioiva kwa zile zinazowinda kombe, na kupokea chipukizi. Mwaka jana wenu walimtoa Michael Kopech akaenda Dodgers, na kabla mwaka haujaisha akawa bingwa. Usishangae basi unayemshangilia leo akaondoka wiki ijayo. Hajakusaliti. Timu imeuza mavuno ili inunue mbegu.

Nawe tazama mbegu. Usihesabu ushindi, utachoka. Mchague kijana mmoja umfuate. Yupo Colson Montgomery, ana miaka 23. Mwezi wa nne alikuwa akikosa mipira katika timu ya daraja la chini, hadi wakampeleka Arizona afundishwe upya namna ya kuzungusha gongo. Julai 4 akapandishwa timu kubwa. Atafika wapi, mimi na wewe hatujui, na raha yenyewe iko hapo: fuata kila anaposimama kupiga, andika kwenye daftari alichofanya, na mwezi wa tisa lifungue tena lile daftari usome. Timu inaweza kufungwa na wewe ukaenda kulala na la kusimulia. Ile Septemba uliyoililia, hukulilia kombe. Uliwalilia watu waliobeba vipigo 120 mgongoni, ambao hakuna aliyewadai chochote zaidi ya kimoja cha mwisho, nao wakashinda siku tatu mfululizo kabla ya kwenda kukipokea Detroit. Ulichokipenda siku ile bado kipo. Umekifunika kwa msimamo wa ligi.

Nimebakiza neno moja, nalo ndilo lililonifanya niichague barua yako.

Umeandika "watani wetu wa kaskazini". Hebu lisikilize neno lako mwenyewe. Wewe ni mtu wa Tanga, unajua mtani ni nani. Mtani si adui. Mtani ndiye anayekuja kwenye matanga yako watu wakiwa wameinamisha vichwa, akamwiga marehemu alivyokuwa akitembea, akadai deni ambalo halipo, mpaka mfiwa anacheka machozi yakiwa mashavuni. Kwetu msiba bila mtani haukamiliki. Sasa wewe umeigeuza nyumba yako kuwa ya matanga msimu mzima, na siku mtani alipoingia na kofia yake, ulimfukuza. Mwanangu, ulikuwa unamhitaji.

Ijumaa hadi Jumapili, Julai 25 mpaka 27, Cubs wanakuja kwenu, Rate Field. Mnunulie tiketi na uende naye siku mojawapo, kila mtu na kofia yake. Mkiwa njiani mweleze habari za mwaka 1906, mara pekee timu hizo mbili zilipokutana fainali. Cubs walikuwa wameshinda mechi 116 msimu huo, White Sox wakijulikana kwa kutojua kupiga, na White Sox ndio waliochukua ubingwa. Mwache akutajie yake ya 2016. Wakiwafunga, na huenda wakawafunga, mwache akucheke mbele za watu. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Hilo tumelikariri tangu shule ya msingi, na mtoto hatalishika kwa kulisikia. Atalishika akimwona baba yake amefungwa, amechekwa, na bado amekaa hadi mpira wa mwisho akiwa na uso wake wa kawaida.

Na akibaki Cubs maisha yake yote? Basi utazeeka na mtani wako mwenyewe nyumbani, na siku ya matanga ya kweli hutatafuta mtu wa kukuchekesha.

Mkishakaa, mwite muuza karanga. Huko pia wanapita nazo katikati ya viti, kama wale wa Mkwakwani na vikoni vyao vya karatasi. Sijui baba yako alikununulia ngapi, ila najua hukumaliza peke yako. Nunua pakiti moja tu, uiweke katikati yenu.

Shangazi yako