Hita ya Maji Bafuni: Tuijue, Tuitunze



Huku kwetu nyanda za juu baridi ya Juni na Julai ni kali, na familia nyingi zenye umeme zinafunga hita ya maji bafuni. Ni jambo jema. Mzee, mgonjwa na mama aliyejifungua huoga maji ya moto bila kuhangaika na kuni. Lakini wodini kwetu tuliwahi kumpokea mtoto wa miaka miwili aliyejifungulia bomba la maji ya moto wakati mama yake amekwenda kuchukua taulo. Aliungua mkono na kifua, akalazwa wiki tatu. Hita yenyewe haikuwa mbovu. Waliokuwa nayo hawakuelezwa namna ya kuishi nayo.

Hita hufanyaje kazi?
Ni tangi la chuma lenye koili ya umeme ndani, pamoja na kidhibiti joto kinachozima koili maji yakifikia kiasi kilichowekwa. Tangi la lita 80 lenye koili ya wati 2,000 huchukua karibu saa mbili kupasha maji kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 60, na hutumia karibu yuniti 4 za umeme.

Wakati wa kufunga
Kazi hii ni ya fundi umeme mwenye leseni. Wewe hakikisha mambo haya manne:

1. Ukuta uwe imara. Lita 80 za maji ni kilo 80, bado uzito wa tangi. Ukuta dhaifu hautabeba.

2. Hita iwe na waya wake kutoka kwenye swichi kubwa, na kikata umeme chake. Isichomekwe kwenye soketi ya kurefusha waya. Waya wa ardhini, ambao mafundi huuita ethi, usikosekane kamwe. Kiwekwe pia kifaa kinachokata umeme mara unapovuja, kwa maana mwili wenye maji hupitisha umeme kwa urahisi.

3. Valvu ya usalama iwepo. Maji yakipashwa hutanuka: lita 80 huongezeka kwa zaidi ya lita moja. Valvu ikidondosha matone wakati hita inapasha, inafanya kazi yake. Wapo wanaoiziba kwa kijiti ili sakafu isilowe. Ndugu zangu, kidhibiti joto kikiharibika siku hiyo, tangi lililozibwa laweza kupasuka kama bomu.

4. Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, fungua bomba la maji ya moto mpaka maji yatoke mfululizo bila hewa. Koili ikiwaka bila maji huungua. Maji ya bomba yakikatika siku nyingi, zima hita.

Joto liwe kiasi gani?
Hapa wengi hukosea. Maji ya nyuzi 60 humuunguza mtu mzima vibaya kwa muda wa sekunde 5 hivi, na ngozi ya mtoto huwahi zaidi. Basi wengine hushusha kidhibiti hadi nyuzi 40. Lakini kuna bakteria waitwao Legionella, waliotambuliwa baada ya watu wengi kuugua Philadelphia, Marekani, mwaka 1976. Hustawi katika maji ya uvuguvugu, kati ya nyuzi 20 na 45, na mtu akivuta mvuke wenye matone yao huweza kupata nimonia kali. Kwa hiyo tangi lipashe hadi nyuzi 60, ila maji yachanganywe kabla ya kufika mwilini. Fundi anaweza kufunga valvu ya kuchanganya. Kama haipo, tia maji baridi kwanza kwenye beseni, kisha ya moto, upime kwa kiwiko. Mtoto mdogo asiachwe bafuni peke yake hata kidogo.

Matunzo
Mara moja kwa mwaka mwite fundi. Azime umeme, aache maji yapoe, amwage tope na chumvi zilizotuama chini, ajaribu valvu, na aangalie kijiti cha magnesi kinacholiwa na kutu badala ya tangi. Kikiisha, kutu hugeukia tangi lenyewe.

Ukihisi bomba au maji yanakutetemesha mkono, toka bafuni. Zima swichi kubwa kwa mkono mkavu. Asioge mtu mpaka fundi afike.

Mtu akiungua
Mwondoe kwenye maji ya moto, mvue nguo na vito visivyogandia ngozi. Mwagia sehemu iliyoungua maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, sehemu nyingine za mwili zikifunikwa asipatwe na baridi. Usipake dawa ya meno, mafuta, asali wala yai. Usitumbue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi, mlete hospitali. Mtoto aletwe hata kama jeraha laonekana dogo.

Leo jioni, kabla watoto hawajaoga, ingia bafuni uangalie: valvu haijazibwa? Mtoto aweza kulifikia bomba la moto? Kinga ni bora kuliko tiba.