Kafi la Hewani

Mvuvi akilitia kafi lake majini kwa ubapa na kulivuta, mtumbwi huenda. Akiligeuza hata likate maji kwa ukingo, aweza kulivuta mpaka jasho limtoke, na mtumbwi usisogee. Nguvu za mikono ni zile zile. Kilichobadilika ni mgeuzo wa kafi tu.

Rafadha ya eropleni ni kafi la hewani. Katika eropleni iitwayo ATR 72, iundwayo Toulouse katika nchi ya Ufaransa, ziko rafadha mbili, na kila moja ina mapanga sita. Mitambo yake ni ya namna ya tabopropu, wala haina pistoni kama mtambo wa motakaa. Hewa huingia kwa mbele, hukazwa sana, kisha hutiwa mafuta yawakayo. Moshi wa moto hutoka kwa kasi na kupiga magurudumu yenye mapanga madogo madogo. Magurudumu ya mbele huendesha vyombo vya kukaza hewa. Yale ya nyuma huzungusha rafadha. Baina ya hayo na yale hapana chuma kinachoyaunganisha, ila ule moshi wa moto upitao tu.

Kati ya viti vya marubani wawili mna nyenzo. Nyenzo za nguvu huongeza mafuta au kuyapunguza. Kando yake ziko nyenzo za kuamrisha rafadha, na kando ya hizo uko wenzo wa kuteremsha vibawa vya nyuma ya mabawa, vinavyosaidia eropleni kwenda polepole wakati wa kutua.

Pengine mwanafunzi atadhani kwamba mafuta yakizidi, rafadha huzunguka upesi zaidi. Sivyo. Kiko chombo kiitwacho gavana (jina la mtawala, na kazi yake ni kutawala kweli) ambacho huulinda mwendo wa rafadha. Mara mzunguko unapotaka kuzidi, gavana huyasokota mapanga kwa nguvu ya mafuta mazito ili yakamate hewa nyingi zaidi. Basi rafadha huzunguka vile vile, lakini huvuta kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo rubani hatazami mzunguko peke yake. Hutazama pia saa ionyeshayo nguvu ya msokoto.

Mapanga yaweza pia kugeuzwa kabisa, yaelekeze ukingo kwenye upepo, kama kafi lile lisilosukuma maji. Mtambo ukifa angani, jambo hilo ni msaada mkubwa, kwa kuwa rafadha isiyoendeshwa ikiukabili upepo kwa ubapa huizuia eropleni. Lakini mtambo ulio mzima ukifanyiwa hivyo, nguvu zake zote hupotea bure.

Tarehe 15 Januari 2023 eropleni ya ATR 72 iliondoka Kathmandu, mji mkuu wa Nepal, kwenda Pokhara, ambako kiwanja kipya kilikuwa kimefunguliwa mwezi ule ule. Ndani walikuwamo watu 72. Ilipokaribia kutua, rubani aliyeshika usukani aliagiza vibawa viteremshwe zaidi. Mwenzake akanyosha mkono, lakini hakushika wenzo wa vibawa. Alishika nyenzo mbili za rafadha, akazirudisha nyuma, na mapanga yote yakageuka ukingo.

Mitambo haikuzimika. Mafuta yaliendelea kuwaka, na ngurumo iliendelea kusikika, lakini saa za msokoto zilishuka mpaka sifuri. Vibawa havikuwa vimeteremka kama ilivyoagizwa, wala hakuna aliyetambua upesi kilichotendeka. Rubani mwenye usukani akasema mara mbili kwamba mitambo haitoi nguvu. Nyenzo za nguvu zikasukumwa mbele mpaka mwisho, nazo hazikufaa kitu, kwa maana hapakuwa na kafi la kuipokea nguvu hiyo. Eropleni ikapungukiwa na mwendo, ikalala upande wa kushoto, ikaanguka katika bonde la mto Seti. Hakupona hata mtu mmoja.

Wachunguzi walipovisoma vyombo vinavyonasa sauti na mwendo wa eropleni, walikuta kwamba mitambo yote miwili ilikuwa ikifanya kazi. Tangu nyenzo zile zilipovutwa mpaka kuanguka ilipita karibu dakika moja, na muda huo wote zilikaa pale pale, kati ya viti vya marubani wawili.